Kumwaga Pampu

Kazi yangu ya kwanza yenye ujira ilikuwa kumwaga pampu ya baba. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, mwishoni mwa miaka ya 1980, na kibanda chake cha kutengenezea redio kilikuwa Ngamiani, Tanga, kati ya duka la kanga na kinyozi. Pampu yenyewe ilikuwa bomba la alumini lenye urefu wa shibiri moja hivi. Ndani mlikuwa na springi na pistoni. Ukiisukuma pistoni hadi ikamatwe na kitufe, kisha ukabonyeza kitufe hicho, huruka na kurudi nyuma, na mdomo wa pampu huvuta hewa ghafla. Pamoja na hewa huvuta risasi iliyoyeyushwa kwenye bodi ya redio. Risasi hiyo huganda humo humo. Baada ya siku mbili tatu pampu hujaa, pistoni ikaanza kukwama, na fundi hana budi kuifungua. Baba aliifungua, mimi nikaimwaga. Yalitoka magamba ya kijivu, membamba mfano wa magamba ya samaki, na pamoja nayo vumbi. Magamba niliyaweka kwenye kopo la Blue Band ili yayeyushwe tena, maana risasi mpya ilikuwa adimu na ghali. Vumbi nililipuliza.

Ujira wangu ulikuwa andazi moja, na andazi lenyewe sikuruhusiwa kulila kibandani. Nilitakiwa kwenda nyumbani, kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo nile. Baba alisema makombo huleta sisimizi, na sisimizi huingia kwenye redio za watu. Niliiamini sababu hiyo kwa takriban miaka thelathini na mitano.

Kitendo chenyewe, cha kuiondoa risasi ili kipuri kiachiane na bodi, sijapata kukiona kikipewa jina la kuridhisha katika lugha yetu. Kulehemu tunakujua. Neno hilo limetoka Kiarabu, katika shina lile lile linalozaa lahm, yaani nyama, na iltiham, yaani kufunga kwa kidonda, na malhama, vita vikali, ambayo hatimaye likawa pia jina la utenzi wa kishujaa. Basi kulehemu ni kuvifanya vitu viwili vishikamane kama nyama. Na kinyume chake? Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu hujirudi vyenyewe bila taabu: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Lehemu imekuja kama mgeni na haikubali kunyambuliwa hivyo. Nilipata kusema “kulehemua” mbele ya wanafunzi wangu wakacheka, na walikuwa na haki. Baba alisema “kunyonya” alipotumia pampu, na “kuchomoa” alipokuwa akikitoa kipuri chenyewe. Nitafuata matumizi yake.

Nilikuja Toronto mwaka 2008 kusomea shahada ya uzamivu, nikabaki kufundisha. Katika majira ya baridi ya kwanza, siku moja nikitembea Queen Street West, nilipita mbele ya duka liitwalo Active Surplus, lililokuwa na sanamu ya sokwe mlangoni. Ndani mlikuwa na masanduku yaliyojaa transista, nyaya, mota ndogo, vifundo vya redio ambazo hazipo tena. Sikununua kitu. Nilisimama tu kati ya masanduku yale mpaka vidole vikapata joto, kisha nikaenda zangu maktaba kusoma nadharia ya fasihi. Nilirudi mara nyingi. Duka lilikuja kufungwa, nami nikadhani habari yangu na risasi imekwisha.

Januari 2025 binamu yangu aliyekuja kwa ajili ya harusi aliniletea kifurushi kutoka kwa baba. Kilikuwa redio yake mwenyewe, National ya mawimbi matatu, ile iliyokaa juu ya rafu kibandani na ambayo haikuwa ya mteja. Kwenye redio hiyo mtaa mzima ulisikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania na matangazo ya vifo. Niliiweka mezani nikaiogopa. Mzee wa miaka sabini na tisa anapoanza kugawa vitu vyake, mtoto aliye ng’ambo huelewa jambo moja tu. Mikono ya baba imekuwa ikitetemeka kwa miaka sita sasa. Madaktari wa nyumbani wameupa ugonjwa huo jina la Parkinson. Hawezi tena kushika chuma cha kulehemu, wala kikombe cha chai kilichojaa.

Siku mbili baadaye ndipo nilipofungua kifuniko cha betri na kukuta karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wangu, maneno ya baba: “Swichi ya mawimbi imekufa. Kapasita zimevimba. Huku mafundi wote wamekuwa wa simu.” Hapakuwa na zaidi. Kumbe hakunipa ukumbusho. Amenipa kazi.

Mjini hapa kuna Repair Café, mkusanyiko wa watu wa kujitolea wanaotengeneza vitu vya wenzao bure. Wazo hilo lilianzia Amsterdam mwaka 2009 na kufika Toronto mwaka 2013. Huhama kutoka maktaba moja hadi ukumbi mwingine wa jamii. Nilikwenda Jumamosi moja nikiwa nimeikumbatia redio ndani ya taulo. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Alisoma jina langu kwenye kibandiko kifuani, akaitazama redio, kisha akaniuliza kwa Kiswahili ninatoka wapi.

“Tanga. Shikamoo mzee.”

Alisita kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. “Marahaba,” alisema. Alizaliwa Kampala, akaondoka mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Tangu hapo maisha yake yamekuwa Kanada. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, na karibu vitenzi vyote vilikuwa vya kuamuru: leta, toa, ngoja, shika, acha. Yeye mwenyewe alililijua hilo. “Samahani, mama,” aliniambia, “Swahili yangu ni ya kutuma watu tu. Ndiyo tuliyofundishwa.” Nilimjibu kwamba mezani hapo kingetufaa. Ilikuwa kweli, ingawa sikusahau kwamba watu wa umri wa babu yangu ndio waliokuwa wakitumwa.

Alinifundisha kwa amri hizo hizo. “Ongeza risasi,” alisema, nami nikadhani amekosea neno, kwa kuwa tulikuwa tunataka kuitoa. Hakukosea. Risasi iliyokaa kwenye bodi miaka arubaini huwa imefubaa, imefunikwa na ukungu wa oksidi, nao huzuia joto lisipenye. Ukitia kidogo iliyo mpya, pamoja na utomvu uliomo ndani ya uzi wake, ya zamani huchanganyika nayo, hung’aa, na yote huyeyuka kwa pamoja. Hapo ndipo unapoweza kuinyonya. Baba aliuita utomvu huo “dawa”. Ni utomvu mkavu wa msonobari, na kila ninapousikia moshi wake puani nafikiria sandarusi, utomvu mwingine ambao pwani yetu iliuuza kwa merikebu za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19 ili Wamarekani wapate vanishi ya samani zao.

Kapasita zilitoka kwa urahisi, kwani kila moja ina miguu miwili tu: unayeyusha huku, unavuta kidogo, unayeyusha kule. Swichi ya mawimbi ndiyo ilikuwa na shauri lake. Ilikuwa na miguu 18 katika safu mbili, na kipuri cha namna hiyo hakitoki mpaka kila mguu uwe huru kabisa. Mmoja ukibaki umeshikwa na uzi wa risasi mwembamba kama unywele, nawe ukavuta, hautoki mguu. Hung’oka duara la shaba lililo chini yake, pamoja na njia ya shaba inayopeleka umeme. Bodi za redio za miaka ile ni za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, za rangi ya kahawia, na shaba imebandikwa upande mmoja tu. Hazivumilii joto kama bodi za leo. Kwa risasi ya kizamani, ile ya sehemu 63 za bati na 37 za risasi tupu, nyuzijoto 183 zinatosha kuiyeyusha. Ile isiyo na risasi ndani yake, iliyoenea baada ya Ulaya kupiga marufuku ya zamani katika vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, hudai zaidi ya nyuzijoto 215. Ndiyo maana mzee alinikataza kuweka risasi ya kisasa kwenye bodi ya baba. “Itachoma,” alisema. Kwa muda mfupi nilihisi kama anazungumza juu ya mtu.

Alikuwa na mashine nzuri, bastola ya umeme yenye ncha iliyotobolewa katikati, inayoyeyusha na kunyonya kwa wakati mmoja. Nusu saa ya kwanza hatukuchomoa chochote, tulikuwa tunaihudumia. Tundu la ncha lilikuwa limeziba, na huzibuliwa kwa kijiti cha chuma wakati ncha ingali ya moto, kwani ikishapoa kijiti huvunjikia humo. Nyuma ya ncha kuna bomba lenye springi ndani, ambayo huikamata risasi kabla haijafika kwenye pampu. Ilikuwa imejaa hadi kooni. Chujio la karatasi lilikuwa gumu kama mkate mkavu, maana yake halipitishi hewa, akaweka jipya. Alipomaliza aliipaka ncha risasi safi. Nilimuuliza kwa nini aipake kitu ambacho inafanya kazi ya kukiondoa. Alisema ncha ikilala uchi hupata kutu na kesho haitashika joto. Mwezi Novemba uliotangulia Bunge la Kanada lilikuwa limepitisha sheria inayoruhusu mtu kuvunja kufuli za programu kwa ajili ya matengenezo, na wenzake mezani walikuwa bado wanaizungumzia kwa furaha. Yeye alitikisa kichwa. Sheria ni njema, alisema, lakini vifaa vingi vinavyoletwa mezani kwake vimeuawa na uvivu wa kusafisha.

Nikaanza swichi. Mguu wa kwanza hadi wa kumi ulikwenda vizuri. Wa kumi na moja ulikuwa umeungwa kwenye eneo pana la shaba, na eneo la namna hiyo hunywa joto kama mchanga unavyokunywa maji. Risasi haikuyeyuka upesi. Badala ya kungoja nilichukua utepe wa shaba iliyosukwa, ule unaowekwa juu ya risasi na kuinyonya kama utambi unavyonyonya mafuta, nikaukandamiza na kuusugua. Utepe hausuguliwi. Huwekwa, hupewa joto, huinuliwa. Nilijua hivyo, nilimwona baba akifanya hivyo mara elfu. Nilipouinua, duara la shaba lilikuja nalo, limenata kwenye utepe, dogo kuliko punje ya mtama.

Mzee hakusema kitu. Alikwenda kuleta waya mwembamba wa kuunganishia pengo, na njiani akanigeukia: “Nawa mikono kwanza. Usile kitu hapa. Ni risasi.” Alionyesha kidole kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, linalokataza chakula na vinywaji mezani. Aliporudi alileta pia kisimamio kidogo chenye vibanio viwili, kikashika ule uzi wa risasi mahali pake ili mikono yangu yote iwe huru. Hapa hukiita mkono wa tatu. Huuzwa kwa dola chache tu.

Nilikuwa msalani, maji ya moto yakinitiririkia viwikoni, nilipoona kwa macho ya ndani kitu nilichokiona kila siku utotoni bila kukitazama. Baba ameinama juu ya bodi. Mkono wa kulia una chuma cha kulehemu, wa kushoto umekishika kipuri kwa koleo, na uzi wa risasi ameubana kwa meno, anausogeza mbele kwa midomo kila unapopungua. Saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka arubaini na moja.

Mji huu unaiogopa risasi kama sisi tunavyomwogopa nyoka. Nyumba ya kwanza niliyopanga chumba ilijengwa kabla ya katikati ya miaka ya 1950, na nyumba za umri huo huenda zina bomba la risasi linaloleta maji kutoka barabarani. Jiji huwaonya wakazi wake na kuwahimiza wapime maji. Tangu mwaka 2014 hutia fosfeti katika maji ili ijenge utando ndani ya mabomba hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nilisoma zaidi, kama walimu tunavyofanya tunapoogopa. Nilijifunza kwamba katika joto la kulehemu risasi haigeuki kuwa mvuke wa kutisha. Moshi ule ni wa utomvu, nao hudhuru mapafu. Risasi huingia kwa mdomo, kutoka vidoleni, na kwa vumbi. Nilijifunza kwamba hatua yenye vumbi kuliko zote katika kazi hii ni ile ya kuimwaga pampu. Nilimwomba daktari wangu anipime. Akanieleza kwa upole kwamba nusu ya risasi iliyomo kwenye damu huondoka katika mwezi mmoja hivi, lakini iliyoingia mifupani hukaa miongo, na kwamba kipimo cha leo hakiwezi kunisomea kibanda cha Ngamiani. Kuhusu baba, hakuna daktari aliyesema kwamba risasi ndiyo iliyomtetemesha mikono, nami sitasema. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye risasi ile. Tiketi ya ndege ya mwaka 2008 pia.

Nilinunua pampu ya mkono, mfano wa ile ya baba ila ya plastiki, na mkono wa tatu, nikaendelea na miguu iliyobaki nyumbani, usiku, dirisha likiwa wazi kidogo hata katika baridi. Jumamosi moja saa nne usiku nilimpigia kwa video. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, ameshaswali alfajiri.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umeifungua?”

Nilimwonyesha bodi. Mdogo wangu alimshikia simu karibu na uso, naye akaisoma bodi kimyakimya, midomo ikisogea. Aliuona mara moja ule waya wa kuunganishia pengo. “Ulisugua,” alisema. Nikakiri. Kisha nikamuuliza nilichompigia kumuuliza, na kwa kuwa sikujua namna ya kukisema nilikisema vibaya: kwamba risasi aliyokuwa akiibana kwa meno ni sumu, na je, alijua?

Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

“Mikono nilikuwa nayo miwili,” alisema. “Mmoja una chuma, mwingine umeshika kitu. Risasi ningeishika na nini?”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Aliyenifundisha kazi alituambia. Sisimizi gani, mwanangu, anayekula redio?”

Nilitazama vidole vyangu. Nilitaka kunyamaza, lakini nikauliza: kama ni hivyo, pampu alinipa ya nini?

“Ulikuwa na vidole vidogo. Vyangu havikufika ndani.” Akapumua. “Nilidhani madhara yake ni kuila tu. Ndiyo maana nikakukataza andazi.” Mkono wake ulikuwa ukigonga ukingo wa kiti, tap, tap, bila yeye kuutaka, na mdogo wangu akaufunika kwa wake.

Hatukusema lolote kwa kitambo. Kisha akaniuliza nimebakiza miguu mingapi. Saba, nikamwambia, na pampu imeanza kukwama.

“Umeimwaga?”

“Bado.”

“Imwage sasa, usiilazimishe. Lakini nje, na upepo uwe mgongoni mwako.”

Ninaishi ghorofa ya kumi na saba, na usiku ule ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Nilivaa glavu, nikatandaza karatasi zilizoloweshwa, nikaifungulia pampu ndani ya mfuko wa nailoni ili vumbi lisiruke. Yalitoka magamba yale yale. Niliyatia pamoja na karatasi katika kopo lenye kifuniko, nikaandika juu yake RISASI kwa herufi kubwa, ili nilipeleke kwenye kituo cha jiji cha taka za sumu. Niliifuta pistoni, nikaipaka pete yake ya mpira grisi kidogo ya silikoni, nikarudisha springi, nikafunga. Muda wote huo nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye mkono wa tatu, na baba alikuwa bado hewani, jicho moja karibu kabisa na kamera. Niliikandamiza pampu, nikabonyeza kitufe mara mbili, asikie.

“Inavuta,” alisema.